Picha ya Skrini

Anitha aliliacha dirisha na jua lake la Dodoma, akaikuza kwa vidole viwili picha iliyoingia kwenye simu yake. Ilikuwa picha ya simu nyingine, iliyowekwa juu ya mkeka. Kioo kilikuwa kimepasuka, na kwa ndani, upande wa chini, tope lilikuwa limekauka.

Namba iliyoituma hakuijua, ila tope lile lilimkumbusha malalamiko ya zamani. Mwezi wa kwanza mama mmoja wa Bahi aliandika: "Programu yenu ya mafuriko inatuonya maji yakiwa yameshaingia ndani."

Ilikuwa programu huria, kazi ya watu wanaojitolea, na Anitha ndiye aliyepokea maoni. Alimjibu kama alivyowajibu wote: "Asante. Tafadhali tuma picha ya skrini tuone tatizo."

Picha haikuja. Baada ya siku thelathini za kimya, mfumo uliyafunga malalamiko yale wenyewe. Anitha ndiye aliyeupanga hivyo, orodha isijae.

Chini ya picha kulikuwa na ujumbe.

"Habari dada. Mke wangu aliniambia mnataka picha ya skrini, ila hakujua inavyopigwa. Simu yake tumeipata jana kwenye majaruba ya mpunga, maji yalipopungua. Yeye bado tunamtafuta."