Aliyegeuka

Gamba lile la kale, lililokwisha kuwa jiwe, lilikuwa dogo kuliko kifungo cha shati, na mnyama wake alikufa kabla nchi kavu haijaota hata jani moja. Zamda alilishika kwa kibano, akamwonyesha mkurugenzi wa makumbusho alama mbili zilizokuwa ndani yake.

"Konokono hugeuza mwili wake ndani ya gamba," alisema. "Huyu hakugeuka. Makovu ya misuli yake, pale iliposhikamana na gamba, yamekaa kulia na kushoto, sawasawa. Huyu si konokono. Muulize Makame, tumemchunguza pamoja miaka sita."

"Wageni wanataka jina moja kwenye kibao," mkurugenzi alisema. "Makame, unasemaje?"

Makame aliinamia kikombe chake cha chai. Mkono wake ndio uliochora makovu yale kwenye daftari lao, kwa penseli iliyochongwa na Zamda.

"Ni konokono, mzee. Makovu hayo mimi sikuyaona. Dada Zamda ana haraka."

Mkurugenzi akatabasamu, akamsogezea Makame funguo za chumba kipya cha maonyesho ya konokono, ambacho bado hakikuwa na msimamizi. Makame akazifunika kwa kiganja.

Zamda aliliweka gamba mezani, kati yao. Pande zake zote zilifanana. Kwa miaka sita walikuwa wakibishana jambo moja tu, uso wa mnyama ulikuwa upande upi.

"Kumbe aliyegeuka ni wewe," alimwambia Makame.

Akalisukuma gamba kwa ncha ya kidole. Likazunguka polepole juu ya meza, na hakuna aliyejua likisimama litakuwa limemwelekea nani.