Bendera Mbili za Tausi

Leseni ya uamuzi ya Tausi ilikuwa na umri wa siku nne tu, na sasa uwanja mzima ulikuwa ukimtazama yeye. Nyamizi, binti wa shule ya mji ule, alikuwa ameruka na kutua mchangani mbali kuliko wenzake wote, na nyuma ya kamba watu wake walikwisha kuanza kucheza. Walichongoja ni bendera nyeupe tu ya kuukubali mruko.

Lakini kwenye udongo laini mbele ya ubao wa kurukia, mahali ambapo anayekanyaga mruko wake haukubaliki, Tausi aliona alama ya ncha ya kiatu, ndogo kama ukucha. Akainua bendera nyekundu ya kuukataa.

Vigelegele vikakatika.

“We refa, huna macho?” mzee mmoja akafoka. “Leo hutoki hapa!”

“Njoo uone mwenyewe,” Tausi alimwambia Nyamizi.

Nyamizi akaja, akainama, akaiona. Wakatazamana.

“Nisamehe, refa,” alinong'ona, kisha akausawazisha udongo kwa kidole gumba.

Watu wakaisukuma kamba ikaanguka, wakamjia. Tausi akabaki ameishikilia bendera juu, na mbele yake udongo laini, kana kwamba haujawahi kukanyagwa.