Maiki Iliyobonyea

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, mpiga ngoma na Bi Tunu, mwimbaji wa bendi, wakigusana viwiko. Kesho yake Bi Tunu alikuwa apasuliwe koo. Leo bendi ilitaka kurekodi naye wimbo mmoja, wote kwa pamoja, kama walivyozoea.

Mara tatu Sudi, fundi sauti, alisikiliza na kutikisa kichwa. Maiki yake mpya, aliyoringia sana, ilinasa ngoma, gitaa, hata miguu iliyopiga sakafu. Sauti ya Bi Tunu ilizama humo.

"Nipe ile maiki yangu ya kuimbia harusini," alisema Bi Tunu.

"Ile iliyobonyea, mama? Haisikii cha mbali."

"Na mimi siko mbali, mwanangu."

Sudi akaichomeka. Bi Tunu akaisogeza mpaka midomo ikagusa wavu, akafumba macho, akaimba kama anayebembeleza mtoto.

Kwenye hedifoni, ngoma zikarudi nyuma kama watu wanaompisha bibi harusi. Ikabaki pumzi yake na ule mkwaruzo wa koo, karibu mno, hata Sudi akajikuta amezuia pumzi yake mwenyewe.

Wimbo ukaisha. Sudi hakuthubutu kuzima mashine. Taa nyekundu ya kurekodi ikaendelea kuwaka, na kwenye wavu wa maiki unyevu wa pumzi ya Bi Tunu ulikuwa ukikauka taratibu.