Adabu ya Kupiga Magoti

Siku hizi anayemuumiza mwenzake uwanjani ndiye anayebeba maumivu, mpaka jeraha lipone. Leokadia alimsukuma Nyamizi kwa makusudi kwenye fainali ya netiboli, kano za goti zikakatika. Tangu jioni ile Nyamizi hajui goti linauma vipi. Anayejua ni Leokadia, mtaa wa pili, mwenye miguu yake mizima.

"Daktari alisema upumzike, mwanangu," mama humwambia.

"Siumwi, mama."

Huchuchumaa kuosha vyombo visafi. Hupiga deki sebule iliyokwisha kupigwa deki, hasa saa anazojua Leokadia ananyonyesha.

Jumapili Leokadia alikuja kuomba radhi, jasho likimtiririka, mtoto mgongoni.

"Karibu, dada," Nyamizi alisema kwa upole. "Ngoja nikunawishe."

Akachukua birika na beseni, akapiga magoti mbele ya mgeni, taratibu, akaegemeza uzito wote upande ule mmoja. Mama hakuweza kumkataza. Binti kumpigia mgeni magoti ni adabu aliyomfundisha mwenyewe.

Maji yalimiminika kidogo kidogo. Leokadia aling'ata kanga yake, kisha akapiga yowe lililomwamsha mtoto. Hapo ndipo Nyamizi alipotazama chini, akaona mguu wake umepindika pembeni, unyayo umeelekea ukutani. Akautazama kama mguu wa mtu mwingine.

"Mama, nishike mkono nisimame," akasema. "Mgeni bado sijamletea chai."