Sauti ya Baba Kabula

Kifaa cha kuonya kuhusu tochi ya trafiki ya kupima mwendo sharti kiseme kwa sauti ya mtu wa nyumbani kwako, ndiyo sheria. Cha Nyamizi kina sauti ya marehemu mumewe, aliyeirekodi huku akitafuna muhogo. Ukienda mwendo halali, hakisemi kitu.

Kila Jumamosi Nyamizi humpeleka binti yao, Kabula, kwa bibi yake huko Nzega. Wakikaribia Puge, penye trafiki, Nyamizi hukanyaga mafuta: themanini, mia, mia na ishirini.

"Mama Kabula, tochi hiyo mbele. Taratibu basi."

"Abee," huitikia Nyamizi, ndipo apunguze.

Leo, kabla hawajafika Puge, Kabula alikaza mkanda wake, kisha akamshika mama yake bega.

"Mama, leo tusimwite baba."