Gunia la Kilwa

Hortense, muuza samaki wakavu sokoni Lubumbashi, alitia mkono katika gunia lililotoka Kilwa, kando ya ziwa, akagusa chuma baridi. Ilikuwa bunduki, imepakwa mafuta, namba zake zimekwanguliwa.

"Mama, tulikosea gunia," dereva wa lori lililoleta magunia alimnong'oneza. "Rudisha. Benyewe beko bantu bakali."

"Bataenda kuua nani nayo?"

Dereva alinyoosha mkono alichukue gunia.

Hortense alilifunga gunia, akalikalia. "Dada, ita polisi," alimwambia muuza chumvi wa jirani. "Humu muko bunduki."

Muuza chumvi alipiga simu, kisha akaja kukaa kando yake. Akafuata muuza mihogo. Halafu, kimya kimya, wanawake wa soko zima wakaacha meza zao, wakaanza kuja kulizunguka gunia.

Hortense hakuwahi kujua kwamba walikuwa wengi hivyo.