Kumwona Kanga

Sheria inamruhusu mtu kumtazama ndege wa porini mara moja tu maishani. Mwanashehe, mchoraji wa nguo za kanga, alimwona kanga mwenyewe, yule ndege wa madoadoa, akiwa msichana. Siku hizi umbo lake limeanza kumtoka akilini. Leo ilikuwa zamu ya bintiye, Raya, naye alikwenda kwenye kituo cha kutazamia ndege kumtazama kwa ajili ya mama.

Raya alirudi, akaketi mkekani bila kuvua baibui.

"Haya mwanangu, shingo anaishikaje?" Mwanashehe alikwishaandaa penseli.

"Niliwaambia wahudumu wa kituo nataka kumwona kanga. Wakacheka, wakanisahihisha: 'Sema kuiona.'"

"Halafu?"

"Wakanipeleka kwenye kabati la kioo. Ni nguo yako, mama. Ile ya kwanza."